Shajara ya Mradi: Viungo vya Mashine Ndogo ya Kumenya Kahawa

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo nimeanza rasmi kazi ambayo nimekuwa nikiiwaza tangu mwalimu wa shule moja ya msingi hapa Moshi aniombe nimtengenezee mfano mdogo wa mashine ya mkono ya kumenya kahawa, ili watoto wa mjini, ambao wengi wao huijua kahawa kama unga wa kwenye kopo tu, waone jinsi tunda jekundu linavyovuliwa ganda. Mashine halisi ninayoiiga imelala stoo nyumbani kwetu Kibosho. Baba aliitumia miaka mingi, enzi ambazo kaya ilimenya kahawa yake yenyewe, ikaichachusha, ikaiosha na kuianika, kisha ikaipeleka kwenye chama cha msingi kilichokuwa chini ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Ngoma yake ina kipenyo cha milimita 240 na urefu wa milimita 300. Nimeamua kutengeneza kwa robo ya vipimo hivyo, kwa hiyo ngoma yangu itakuwa na kipenyo cha milimita 60 na urefu wa milimita 75.

Sehemu zenyewe si nyingi: fremu ya chuma bapa yenye miguu minne, ngoma iliyovikwa bati la shaba lenye nundu, bamba la kifua ambalo hukaa karibu na ngoma ili tunda libanwe na mbegu zichopoke, faneli ya kumiminia matunda, shafti, gurudumu zito la pembeni na mkono wa kuzungushia. Nilipozichora karatasini ndipo nilipoona kwamba ugumu haumo katika kukata wala kutoboa, bali katika kuunganisha, kwa sababu kila kiungo nitakachokifanya leo kitaamua ni moto gani na nyundo ipi nitaweza kuitumia kesho.

Mpwa wangu, ambaye amesomea uchomeleaji na hushinda karakanani kwangu siku za mapumziko, aliniuliza, "Mjomba, kwa nini tusiipeleke kwa mafundi wa kuchomelea, nusu saa kazi ikaisha?" Nilimwambia achukue fimbo ya milimita 2.5, ambayo ndiyo nyembamba tuliyo nayo, aiguse kwenye kipande cha bati la shaba la milimita 0.4. Bati lilitoboka kabla hajatulia na kioo chake usoni. Shaba ya njano ni mbaya zaidi, maana zinki iliyomo ndani yake huchemka kwenye nyuzijoto 907 na kutoka kama moshi mweupe, na fundi akiuvuta moshi huo huweza kulala na homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Kuchomelea kwa umeme kumeondolewa katika mradi huu.

Jumapili, 9 Machi

Ribiti, yaani vipini vya kuunganishia vinavyogongwa vichwa. Nilidhani ndiyo sehemu rahisi, nayo imekula siku nzima.

Bati la shaba linazunguka bomba la shaba ya njano lililotoka kwenye pampu chakavu, na linafungwa kwa safu moja ya ribiti mahali ambapo ncha mbili za bati zinapandana. Ribiti za kufyatuliwa kwa koleo zimejaa madukani, lakini nyembamba kuliko zote niliyoipata ina milimita 3.2, na kwenye ngoma ya ukubwa huu ingeonekana kama kifungo cha koti kwenye shati la mtoto mchanga. Tena ni za alumini. Alumini na shaba zikigusana penye unyevu, alumini huliwa kwanza, na mashine ya kahawa ni mashine ya maji. Kwa hiyo nimekata ribiti zangu mwenyewe kutoka kwenye waya wa umeme wa nyumba wa milimita mraba 2.5, ule wa uzi mmoja mnene. Ukipiga hesabu ya duara, waya huo una kipenyo cha milimita 1.78, na kalipa yangu imesoma 1.76. Niliuchuna, nikaunyoosha kwa kuuvuta kwenye jiriwa, kisha nikaupasha hadi ukawa mwekundu na kuutumbukiza majini. Shaba haifanyi kama chuma cha pua: maji hayaikazi, bali hukomboa ukoko mweusi tu, na waya hubaki laini kama uzi wa mkonge uliolowa.

Nilianza kwa kutoboa kwa biti ya milimita 2, kwa kuwa duka linauza biti za milimita 1.5 na 2 na hakuna kitu katikati. Hilo lilikuwa kosa. Ribiti ya 1.76 ndani ya tundu la 2 ina nafasi ya kujipinda, na nyundo inapoishukia, badala ya kuvimba na kulijaza tundu, hulala ubavu, na kichwa hutokea kimekaa upande. Niliharibu tatu kwenye kipande cha majaribio kabla sijakubali. Dawa ilikuwa kutoboa kwa 1.5 kisha kupanua tundu taratibu kwa sindano ya kushonea magunia niliyoisaga ikawa na pande nne kali, nikijaribu waya kila baada ya mizunguko miwili, hadi ukaingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Urefu wa waya unaochomoza nao una hesabu yake. Kwa kichwa cha mviringo, waya uchomoze mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani kwangu milimita 2.7. Ukizidi, kichwa hupata sketi inayotambaa juu ya bati, na ukipungua, chuma cha kufinyangia kichwa hulichora bati lenyewe. Chuma hicho nimekitengeneza kutoka kwenye nondo fupi niliyoichimba kishimo cha duara kwenye ncha. Ndani ya bomba nilipitisha kipande kinene cha chuma nilichokifunga kwenye jiriwa kikawa fuawe, na ndiyo maana kazi hii ilibidi itangulie: bomba likishazibwa kwa visahani vya pembeni, hakuna fuawe itakayoingia tena.

Nimepiga ribiti 9 kwa umbali wa milimita 8 kati ya moja na nyingine, na milimita 5.5 zimebaki kila mwisho. Kanuni niliyofundishwa ni kutoshuka chini ya vipenyo vitatu kati ya ribiti mbili, wala chini ya kipenyo kimoja na nusu kutoka ukingoni, la sivyo bati hupasuka kama karatasi ya daftari kwenye matundu yake. Kwa bahati nzuri, nundu za bati zina kimo cha milimita 1.2 na vichwa vya ribiti 1.1, kwa hiyo safu ya ribiti imejificha katikati ya nundu kana kwamba ilipangwa hivyo tangu mwanzo.

Jumamosi, 15 Machi

Visahani viwili vya shaba ya njano vya unene wa milimita 5 vimeingia kwenye ncha za ngoma, na shafti ya chuma ya milimita 6 imepita katikati yake. Nimevilehemu kwa lehemu ya kawaida ya bati na risasi, asilimia 60 kwa 40, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183 na huwa maji kabisa kwenye 190 hivi. Nilichagua hiyo kwa sababu moto wake ni mdogo na hautalichafua bati la shaba. Kazi ilikwenda vizuri, lehemu ikazunguka shafti kama pete inayong'aa, na jioni nilifunga karakana nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Jumatano, 19 Machi

Nimeharibu, na ninaandika ili nisirudie.

Kahawa haijaiva mwezi huu, kwa hiyo mpwa wangu alimimina maharage yaliyolowekwa ili kuijaribu ngoma kwa mkono wa muda. Harage moja lilikwama kwenye bamba la kifua, ngoma ikasimama, lakini mkono ukaendelea kuzunguka: shafti ilikuwa imejinyofoa ndani ya kisahani. Lehemu laini huziba vizuri na hushika umeme vizuri, ila kiungo kinachosokotwa na mzigo mara kwa mara huichosha. Risasi na bati ni metali laini ambazo hujivuta polepole hata kwenye joto la chumbani. Hilo nililijua. Nililiacha kwa uvivu wa kuwasha moto mkubwa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Badala ya kuvunja kila kitu na kuanza upya, nilichukua fimbo ya mafundi wa friji iliyokuwa kwenye droo, nikaielekezea moto wa gesi shafti na kisahani pamoja, juu ya mabaki ya lehemu ya Jumamosi. Fimbo hizo za shaba na fosforasi, zenye fedha kidogo, huanza kuyeyuka kwenye takribani nyuzijoto 645, nazo ni nzuri mno zinapounga shaba kwa shaba, maana fosforasi yenyewe hula uchafu wa juu. Kwenye chuma hazifai. Fosforasi huungana na chuma na kufanya tabaka gumu linalovunjika kama kigae. Na hata kama ingefaa, risasi na bati zilizobaki kwenye kiungo zinapopashwa hadi wekundu haziondoki. Huyeyuka ndani ya shaba ya njano na kuitafuna. Nilipopoza na kusugua, kisahani kilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui, na shafti ilichomoka kwa pigo moja la nyundo ndogo, sehemu iliyovunjika ikiwa ya kijivu na chembechembe. Ukingo wa ndani wa bomba nao umeguswa kidogo.

Mpwa wangu hakusema kitu. Alifagia tu.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi nilikwenda kwa sonara mmoja wa mjini ambaye huniuzia boraksi, ule unga wa flaksi unaolinda kiungo kisishike ukoko kwenye moto, nikamwonyesha kisahani. Alikigeuza mara moja akasema, "Fundi, hapa ilipita risasi." Kwenye meza za masonara, alinikumbusha, vyombo vya risasi huwekwa mbali na vya fedha kwa sababu hiyo hiyo. Alinionyesha pia jambo nililokuwa nikilikosea kwa miaka: boraksi huyeyuka kwenye nyuzijoto 743, kwa hiyo ukitumia fimbo ya fedha inayotiririka kwenye 630 hadi 660, fedha huwa tayari imekwisha kuwa maji kabla boraksi haijaanza kufanya kazi yake ya kulinda. Masonara wanaotumia fedha inayoyeyuka juu zaidi hawaoni tatizo. Kwa fimbo ya joto la chini unatakiwa unga mweupe wa flaksi wenye floraidi, nao mvuke wake si wa kuvutwa, kwa hiyo nimefungua madirisha yote mawili na mlango.

Fimbo yenyewe, ya fedha asilimia 55, ilikuwa imefika jana kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nilihakikisha kwenye karatasi yake kwamba haina kadimiamu. Fimbo za zamani nyingi ziliwekewa metali hiyo ili zitiririke kirahisi, na mvuke wake huua mapafu.

Nimechonga kisahani kipya. Tundu lake nimelipanua hadi likawa kubwa kuliko shafti kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa kuwa fedha iliyoyeyuka haimwagwi ndani ya kiungo, bali hunyonywa na ule mwanya mwembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mwanya ukiwa chini ya 0.05 fedha haipiti, na ukizidi 0.15 hupoteza nguvu ya kunyonya na kuacha mapengo. Ilinibidi pia nikumbuke kwamba shaba ya njano hutanuka kuliko chuma. Kwa tundu la milimita 6 na joto la 650, mwanya huongezeka kwa karibu milimita 0.03 wakati wa moto wenyewe. Ili shafti ikae katikati, niliipiga vidoti vitatu kwa patasi ndogo, nyama ya chuma ikanyanyuka kidogo kila doti na kuishikilia pande zote sawa.

Nililaza kazi juu ya mkaa, si juu ya tofali, maana mkaa hurudisha joto na pia hula oksijeni iliyo karibu. Moto niliuelekeza kwenye kisahani, ambacho ni kinene na kinameza joto, na kwenye shafti ukapita kwa kugusa tu. Flaksi ilichemka kwanza na kuvimba nyeupe, kisha ikatulia, kisha ikawa angavu kama maji ya chemchemi. Hapo ndipo nilipogusa fimbo upande ulio mkabala na moto. Fedha ilikimbia kuzunguka shafti kwa kufumba na kufumbua na kutokea upande wa pili, ukingo mwembamba ukionekana pande zote mbili. Nilikuwa nimesubiri hadi saa kumi na mbili jioni ili niione rangi ya wekundu hafifu, ambayo mchana hupotea kwenye mwanga.

Kusafisha kulileta kichekesho. Nimeyeyusha chumvi ya ndimu kwenye maji moto, na mpwa wangu akachopoa kisahani kwa koleo la chuma. Kisahani kikatoka kimegeuka waridi. Shaba iliyokuwa imeyeyuka kwenye asidi hujipaka juu ya kazi mara chuma kinapoingia, na ndiyo sababu watu hutumia kibanio cha mti au cha shaba. Msasa ulikimaliza kwa dakika kumi.

Kisahani hiki kimoja tu ndicho kilicholehemiwa kwenye shafti. Cha pili kinateleza juu yake, na vyote viwili vitashikwa na bomba kwa skrubu za M3, yaani za kipenyo cha milimita 3, tatu kila upande, zinazoingia kutoka nje na kuzama kwenye ukingo wa kisahani. Bomba, pamoja na bati lake na ribiti zake, halitaona moto tena. Ukingo wake wa ndani nimeukwangua hadi nyama safi, vishimo viwili vikabaki ambavyo havidhuru kitu.

Jumapili, 23 Machi

Gurudumu zito: ukanda mnene wa shaba ya njano, kitovu, na spoki sita za fito za milimita 3. Ncha za spoki zimeingia kwenye matundu pande zote mbili kabla ya moto, kwa hiyo fedha inazishikilia mahali pake tu, haizibebi. Nimefunga kila kitu kwa waya wa kufungia nondo na kulehemu viungo vyote kumi na viwili kwa pasho moja, nikikata vipande vidogo vya fimbo na kuviweka kando ya kila tundu kabla ya kuwasha. Ukilehemu kimoja kimoja, cha kwanza hulegea unapofika cha tano.

Jumamosi, 29 Machi

Masika yameanza kwa nguvu. Chuma bapa nilichokisugua jana usiku asubuhi kilikuwa na kutu ya rangi ya machungwa, kwa hiyo leo kila kipande kinapanguswa kwa mafuta kabla ya kuwekwa chini.

Fremu ningeweza kuilehemu kwa fedha, ila fremu nzima inakula joto kiasi kwamba mtungi wangu wa gesi ungelalamika, na kupashwa kwote huko huipinda. Nimerudi kwenye njia ya zamani: ncha ya kila mguu imechongwa kwa tupa ikawa ulimi wa mviringo wa milimita 3, ulimi ukapita kwenye tundu la bamba la juu lililochimbwa mdomo mpana, na milimita 2.5 zilizochomoza zikagongwa baridi hadi zikaujaza mdomo huo. Baada ya tupa, kiungo hakionekani kabisa. Unaona tu duara hafifu ukielekeza chuma kwenye mwanga. Pigo liwe jepesi na kwa upande wa duara wa nyundo, likizunguka kutoka ukingoni kwenda katikati. Mpwa wangu alianza kwa mapigo makubwa na kuupinda mguu mmoja, nikamwambia asikilize sauti: ulimi ukishajaa, mlio wa nyundo hubadilika kutoka mkavu kuwa wa kengele.

Wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, wamefua mikuki na majembe kwa mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi kwa vizazi, na Upareni ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Wao waliunga chuma kwa chuma kwa kukipasha hadi kikaribie kuyeyuka na kukifua. Kwa vipande vya unene wa milimita 3 njia hiyo hairuhusu kosa hata moja, maana chuma chembamba huungua kabla hujafika kwenye fuawe, kwa hiyo nimewaheshimu kwa mbali.

Jumamosi, 5 Aprili

Faneli nimeikata kwenye kopo la maziwa ya unga. Bati la makopo limepakwa tabaka la bati halisi, na lehemu laini hulipenda. Bati la mabomba ya mvua lenye zinki hulehemika pia, lakini linahitaji maji makali ya zinki, yaani asidi ya chumvi iliyolishwa vipande vya zinki hadi ikaacha kutoa povu, na mabaki yake yasipooshwa vizuri hula kiungo kwa wiki kadhaa.

Anayetaka kujua jinsi ya kuunga bati atazame kibatari. Fundi bati hategemei lehemu kubeba chochote: hukunja ukingo mmoja, hukunja wa pili, hupachika mmoja ndani ya mwenzake na kuulaza kwa nyundo ya mti, na lehemu huja mwisho kuziba ili mafuta yasivuje. Nimefanya hivyo hivyo kwa mshono wa milimita 4. Hapa lehemu laini iko mahali pake, baada ya moto mkubwa wote kwisha, kwenye kitu kisichosokotwa.

Jumapili, 6 Aprili

Skrubu za bamba la kifua. M3, tundu la kutobolewa 2.5, bamba la unene wa milimita 3, kwa hiyo hesi sita kamili, zinazotosha kwa shaba ya njano ikiwa hutazikaza kwa hasira. Tapu, chombo cha kuchonga hesi ndani ya tundu, iligeuzwa nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili kuvunja unyoya. Kwenye chuma cha fremu niliitia mafuta, kwenye shaba ya njano niliiacha kavu.

Skrubu zenyewe zimetoka kwenye kompyuta za mezani zilizokufa. Mtu ajihadhari: skrubu nene za kufungia makasha hayo si za M3. Zina kipenyo cha milimita 3.5 na hesi 32 kwa inchi, za mtindo wa Marekani, na zitaingia mzunguko mmoja kwenye tundu la M3 kisha kuliharibu. Zile ndogo zilizoshikilia visomaji vya CD ndizo za M3. Nimezitenganisha kwenye vikopo viwili.

Mwalimu alipita baada ya ibada kuona maendeleo, akauliza, "Shikamoo Mzee, na hii gundi ya epoksi haiwezi kusaidia mahali?" Nilimjibu kwamba itafunga kibao cha jina kwenye ubao wa chini, na hapo ndipo mwisho wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Mkono wa kuzungushia. Skrubu ndogo ya kubana shafti kwa ubavu ingetosha kwa mtu mzima mpole, lakini mashine hii itakuwa mikononi mwa watoto. Kila aliyepanda baiskeli za zamani anaijua kotapini, ile pini iliyochongwa mlalo inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli yake, na anajua pia kwamba ikilegea pedali huanza kugonga kila mzunguko. Nimeifuata kanuni hiyo kwa udogo: pini inayopungua milimita moja kwa kila milimita 50 za urefu, ikipita katikati ya mkono na shafti pamoja. Kipenyo kisizidi theluthi ya shafti, kwa hiyo ni milimita 2, na spoki ya baiskeli ina milimita 2 hasa. Niliisaga kwa tupa ikizunguka kwenye drili, na tundu nikalipanua kwa ile sindano ya magunia, nikijaribu pini hadi ikasimama ikibaki milimita 2 nje. Pigo moja likaizamisha. Ili kuitoa, unapiga ncha nyembamba tu, nami nimeweka alama ya rangi nyekundu upande huo.

Jumanne, 15 Aprili

Leo tumezungusha mashine mara 2,000 kwa zamu, mimi na mpwa wangu, tukihesabu kwa mistari ya chaki ukutani, nusu ya mizunguko hiyo ikiwa na maharage yaliyolowekwa. Shafti na kisahani havijasogea. Nilikuwa nimechora mstari mmoja juu ya vyote viwili, na mstari bado umenyooka. Ribiti zote 9 zimekaza. Pini ya mkono imezama zaidi kwa chini ya nusu milimita, jambo ambalo ndilo pini ya namna hiyo hutakiwa kulifanya.

Kilicholegea ni bamba la kifua. Nafasi kati yake na ncha za nundu nilikuwa nimeiweka milimita 0.8, na baada ya kazi imekuwa 1.1, kwa kuwa nati zimerudi nyuma kwa mtikisiko. Nimeongeza nati ya pili juu ya kila moja na kuzikaza zikisukumana, kisha tukazungusha mara 500 nyingine na kipimo kikabaki 0.8. Ningependa nati zenye pete ya plastiki ndani, ambazo hazihitaji mwenzake, na za M3 nimeahidiwa kuzipata baada ya Pasaka. Hadi hapo mwalimu atapewa spana mbili ndogo pamoja na mashine, na ribiti sita za akiba ndani ya kopo la filamu, pamoja na chuma cha kufinyangia vichwa vyake.